Jinsi ya kuuwahi uamuzi wa halmashauri kabla haujapita: mwongozo kwa wakazi wa Mbeya na majirani

Gari la matangazo likishapita Kabwe na Mwanjelwa likisema kuanzia tarehe fulani ushuru utakuwa kiasi fulani, ujue umechelewa. Jambo hilo limeshapita kwenye kata, kwenye kamati na kwenye baraza, na mara nyingi limeshasainiwa Dodoma. Kelele za siku hiyo zinaweza kuahirisha utekelezaji kwa wiki mbili tatu, basi. Anayetaka kubadilisha jambo lenyewe analifuata likiwa bado karatasi.

Mwongozo huu unaeleza karatasi hiyo inaanzia wapi, inapita kwa nani, na mkazi wa kawaida wa Iyunga, Itezi au Isyesye anaweza kuigusa wapi. Mifano mingi ni ya Jiji la Mbeya, lakini taratibu ni zilezile Manispaa ya Iringa na halmashauri za miji kama Njombe, Mafinga na Tunduma, kwa kuwa zote zinaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288. Rungwe, Mbarali, Kilolo na Mufindi ni mamlaka za wilaya, zinatumia Sura 287. Tofauti yake kubwa kwa mwananchi ni kijiji, tutakifikia.

Kwanza jua mlango

Nusu ya malalamiko hupotea kwa sababu yamepelekwa kwa asiyeamua. Watu wanamzonga diwani kuhusu bili ya maji, naye kwa heshima anapokea, anaahidi, na hakuna kinachotokea, kwa sababu baraza la madiwani halipangi bei ya maji. Bei hiyo inaombwa na mamlaka ya maji na kuidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na kabla ya kuidhinisha EWURA huitisha mkutano wa wazi wa kukusanya maoni. Mkutano huo ndio wa kwenda, na Baraza la Ushauri la Watumiaji (EWURA CCC) ndilo la kulipelekea hoja mapema.

Nauli za daladala na njia zake ni za LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu. Kodi ya majengo, hii inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, viwango vyake vinapangwa na Bunge, si jiji. Barabara ya TANZAM inayopita katikati ya mji ni ya TANROADS. Barabara za ndani ya mtaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ndiyo maana wazee wengi bado wanakwenda ofisi za jiji kulalamikia kalavati.

Yanayobaki kwa halmashauri si haba. Ushuru wa masoko na stendi, ada za taka, nani apewe kizimba cha biashara sokoni na kwa masharti gani, maeneo ya machinga na ya kuegesha bajaji, vibali vya ujenzi, upimaji wa viwanja na kubadilisha matumizi ya eneo, madarasa na zahanati zianzie kata ipi, na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama jambo lako limo humu, endelea kusoma.

Kalenda inayogongana na jembe

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Watu wanasubiri Juni ndipo wasikilize bajeti, wakati ya halmashauri yao ilishafungwa miezi mingi nyuma. Mtiririko uko hivi: mitaa inaibua vipaumbele, Kamati ya Maendeleo ya Kata (wenyewe wanaiita WDC) inavichambua, wakuu wa idara wanaviingiza kwenye rasimu, kamati za kudumu za madiwani zinapitia, baraza linapitisha, inakwenda ngazi ya wilaya na mkoa kwa ushauri, inafika TAMISEMI, halafu Bungeni kati ya Aprili na Juni. Ukihesabu kurudi nyuma, dirisha la mwananchi liko takriban kati ya Oktoba na Januari. Kufikia Februari, kuingiza mradi mpya maana yake ni kuutoa wa mtu mwingine, na huyo mtu naye ana diwani wake.

Hapo ndipo nyanda za juu kusini zinapopata shida yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mkutano wa kuibua vipaumbele unaitishwa Jumanne saa nne asubuhi, mwezi wa Desemba, wakati watu wa Tembela na Iziwa wako shambani wanapalilia viazi. Wanakuja ishirini na kitu. Akidi haifiki, mkutano unaahirishwa, wa pili nao hivyohivyo, mwishoni mtendaji anapeleka kata vipaumbele vya mwaka jana akiwa amebadilisha tarehe tu. Hakuna aliyefanya hila. Kalenda ya Dodoma na kalenda ya jembe hazijawahi kukaa meza moja.

Dawa yake ni ndogo na inafanya kazi: mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, watu wachache wamwendee mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, waombe mkutano wa vipaumbele upangwe Jumapili alasiri, baada ya ibada, na tangazo lisomwe kanisani, msikitini na kwenye vikundi vya simu vya mtaa. Wenyeviti waliochaguliwa 27 Novemba 2024 na madiwani wa 29 Oktoba 2025 bado wana muda mrefu mbele yao. Hawa wanapenda mkutano uliojaa.

Mkutano wa mtaa: usife kwenye "mengineyo"

Mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kusema. Kosa linalojirudia ni kusubiri kipengele cha mwisho, "mengineyo", ndipo unyanyue mkono. Saa hiyo wingu limeshafunga upande wa Loleza, watu wanasimama, katibu ameshafunika kalamu. Unasikilizwa, unapigiwa makofi, na kwenye muhtasari linaandikwa neno moja: "Wananchi walitoa maoni mbalimbali." Hilo halipandi kata. Kinachopanda ni azimio.

Ili lije kuwa azimio, fanya hivi. Wiki moja au zaidi kabla ya mkutano, mwandikie mtendaji wa mtaa barua fupi ukiomba jambo lako liwe ajenda inayojitegemea. Iwe nakala mbili. Moja anabaki nayo, ya pili anaigonga muhuri, anaandika tarehe na kusaini, unaondoka nayo. Asipokuwepo usiisukume chini ya mlango. Rudi kesho. Siku ya mkutano, mwishoni mwa mjadala, mtu mmoja asimame aseme kwa sentensi kamili: "Naomba mkutano uazimie kwamba..." na mwingine aunge mkono. Katibu akisome alichoandika kabla hamjahamia ajenda nyingine. Wiki inayofuata nenda ofisini uombe kuuona muhtasari. Ukikuta azimio limelainishwa ("wananchi wameshauri" badala ya "mkutano umeazimia"), sema palepale, maana mkutano ujao utauthibitisha na baada ya hapo hakuna wa kuugusa.

Kisha ulifuate kata. WDC inaongozwa na diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ni wajumbe. Mwenyekiti wako ndiye anayekusemea pale, kwa hiyo mpe karatasi moja yenye namba: kaya ngapi zinahusika, umbali wa shule iliyopo, urefu wa njia inayojaa maji kwa hatua au mita. Mwenyekiti mwenye namba humshinda mwenye sauti.

Kwa walio vijijini: mkutano mkuu wa kijiji una nguvu kubwa kuliko wa mtaa. Unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, mambo ya kugawa ardhi ya kijiji yanapita kwake, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake zikaidhinishwa na halmashauri. Mtaa hauna mamlaka hayo. Anayetoka kijijini Rungwe kuhamia Uyole anashangaa jinsi sauti yake ilivyopungua.

Kuingia baraza la madiwani

Vikao vya kawaida vya baraza hufanyika kila robo mwaka na viko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Huhitaji mwaliko. Piga simu au pita ofisi ya Mkurugenzi uulize tarehe, na uthibitishe tena siku moja kabla, maana huahirishwa sana. Fika mapema, kaa sehemu ya wageni, zima mlio wa simu. Huruhusiwi kusema. Ukipiga kelele utatolewa, na utakuwa umemharibia diwani aliyekuwa akikutetea. Wakati mwingine mwenyekiti atatangaza kwamba baraza linajigeuza kuwa kamati, mara nyingi kwa mashauri ya watumishi. Hapo wageni wote wanatoka nje, usilichukulie kama limekulenga.

Ila baraza ni mahali pa kushuhudia zaidi kuliko pa kushawishi. Yanayofika pale yameshachongwa kwenye kamati za kudumu: Fedha na Uongozi, inayokaa kila mwezi; Mipango Miji na Mazingira; Uchumi, Afya na Elimu. Kamati hizi si za wazi kwa kila mtu, lakini wajumbe wake ni madiwani na wanapewa kabrasha, yaani nyaraka za kikao, siku kadhaa kabla. Muulize diwani wako maswali mawili tu: yuko kamati ipi, na kabrasha la kikao kijacho lina nini kuhusu kata yetu. Kama jambo lako ni la kamati asiyokuwemo, akutajie mjumbe wa kamati hiyo. Madiwani wa viti maalumu husahaulika sana, nao wana kura kama wengine.

Rasimu ya sheria ndogo isomwe kuanzia mwisho

Ushuru, ada na faini za halmashauri haziwezi kutozwa kwa barua ya afisa biashara. Zinahitaji sheria ndogo. Halmashauri inaandaa rasimu, inawatangazia wakazi ili watoe maoni au pingamizi, baraza linapitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, na inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali ikiwa na namba ya tangazo. Mtozaji akikudai kiwango kipya, swali la kwanza la kiungwana ni: "Naomba namba ya Tangazo la Serikali." La pili ni risiti ya mashine.

Tangazo la rasimu kwa kawaida ni karatasi zilizobanwa kwa pini kwenye ubao wa ofisi ya kata, mara nyingine chini ya ratiba ya chanjo na tangazo la mbuzi aliyepotea. Piga picha kurasa zote, pamoja na ile yenye tarehe. Siku za kutoa maoni zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa pale, hazihesabiwi tangu siku ulipoiona.

Sasa isome, lakini anzia mwisho. Kurasa za mbele zimejaa jina la sheria, matumizi na tafsiri za maneno. Watu wanachoka ukurasa wa tatu. Fedha imekaa kwenye Jedwali, nyuma kabisa, na kwenye Jedwali kitu cha kutazama kabla ya kiasi ni kipimo: kwa siku, kwa mwezi, kwa meza, kwa mita ya mraba, kwa gunia? Chukua mfano. Rasimu inasema shilingi 500 kwa meza kwa siku. Inasikika kama hela ya maandazi. Mama anayeuza nyanya siku 26 kwa mwezi atatoa 13,000, kwa mwaka 156,000. Kama meza zake ni mbili, zidisha. Hesabu hiyo moja, ikiwekwa mbele ya kamati na mapato halisi ya meza pembeni yake, inabadilisha mazungumzo kuliko maandamano.

Kipimo cha gunia kina mtego wake ambao kila muuza viazi anaujua. Kama Jedwali linasema "kwa gunia" bila kutaja kilo, mwenye lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) na mwenye gunia lililosimama sawasawa wanalipa sawa, na anayeumia ni mkulima aliyefungasha kihalali. Dai rasimu itaje kilo. Na kama ushuru ni wa kusafirisha mazao, kumbuka kwamba bajeti ya 2017/18 iliwaondolea ushuru wanaosafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Rasimu isiyolitaja hilo inastahili kuulizwa.

Baada ya Jedwali rudi kwenye tafsiri. Neno "mfanyabiashara" au "taka" linaweza kuvutwa hadi limguse mwenye genge la dirishani. Kisha tazama faini, na nani anaruhusiwa kukamata mali.

Barua ya pingamizi iwe ya ukurasa mmoja, kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani na mtendaji wa kata. Kiini chake kiwe kama hivi:

*"YAH: PINGAMIZI KUHUSU RASIMU YA SHERIA NDOGO ZA USHURU WA SOKO, JEDWALI LA KWANZA, KIPENGELE CHA 4*

*Sisi wafanyabiashara 63 wa meza za mbogamboga tunapinga kiwango cha shilingi 500 kwa meza kwa siku. Wastani wa faida ya meza kwa siku ni shilingi ..., kama inavyoonyeshwa kwenye kiambatisho. Tunapendekeza shilingi 200 kwa siku, au 4,000 kwa mwezi kwa anayelipa mara moja. Tunaomba pia siku ambazo soko limefungwa zisitozwe. Majina, namba za meza na sahihi zimeambatishwa."*

Angalia kilichomo: kipengele kimetajwa kwa namba, na kuna pendekezo mbadala ambalo kamati inaweza kulipigia kura. Pingamizi linalosema tu "hatutaki" huwekwa kwenye faili. Sahihi ziwe za watu wanaohusika kweli. Orodha yenye mwandiko mmoja mistari kumi mfululizo inaua barua nzima.

Alama ya X ukutani

Hili la jengo kuwekewa alama ya kubomolewa kupisha barabara si la halmashauri moja kwa moja, lakini kwa walio pembezoni mwa TANZAM, hasa kati ya Uyole na Ifisi ambako barabara inapanuliwa kuwa njia nne, ndilo linalonyima usingizi. Chukua futi kamba ndefu na mwenzako mmoja. Pima kutoka katikati ya barabara, si kutoka ukingo wa lami. Zamani hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipeleka mita 30. Aliye ndani ya 22.5 huhesabiwa kuwa ndiye aliyeifuata barabara, na alama yake ni X nyekundu, bila fidia. Aliyekutwa kati ya 22.5 na 30 amefuatwa na barabara: X ya kijani, na fidia anastahili. Tofauti ni mita saba na nusu. Nyumba inaweza kukatwa katikati na mstari huo, kwa hiyo pima kona zote.

Siku mthamini anapokuja, uwepo mwenyewe pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Orodhesheni pamoja choo, kisima, uzio, mparachichi, migomba, vyote. Piga picha. Usisaini fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi, hata ukiambiwa zitajazwa ofisini. Uliza kama posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi zimehesabiwa, kwa sababu thamani ya jengo peke yake si fidia kamili. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa, inadaiwa na riba yake. Na usiongeze chumba baada ya uthamini, hakitalipwa.

Walio kando ya mito wana kipimo kingine: mita 60 kutoka ukingoni, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Pimeni kabla ya kununua kiwanja, kwani muuzaji hatakupimia.

Ukinyimwa karatasi, au uamuzi ukishapita

Ukiombwa subira kila siku kuhusu muhtasari au rasimu, andika ombi rasmi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Taja hati kwa jina na tarehe. "Taarifa zote za soko" hazijibiki. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30.

Mahakama ni ghali na ina vipimo viwili vya muda vinavyokimbia kwa pamoja. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye shauri. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie uhalali wa uamuzi anatakiwa kuomba kibali ndani ya miezi sita tangu uamuzi ufanyike. Vikundi vingi vinatumia miezi hiyo kwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa mkoa, kisha kumsubiri waziri kwenye ziara, na muda ukishapita ndipo wanamtafuta wakili. Mwoneni wakili ndani ya mwezi wa kwanza tangu uamuzi, hata kama mtaendelea na mazungumzo, na mkienda mbebe faili zima: nakala zenye muhuri, picha za ubao zenye tarehe, muhtasari wenye azimio.